Wakati Tulikula Bila Chumvi

Rafiki yangu, weye ambaye quarante, miaka arobaini, inakubishia mulango sawa na mimi, vuta kiti ukae karibu. Hii sijamuhadithia kila muntu. Nakuambia weye juu najua hautacheka mbele sijamaliza, na kama utacheka, itakuwa pale Papa, baba yangu mwenyewe, anachekaga.

Juzi ku kazi nilifunua chakula ya muzee mmoja mugonjwa. Mimi ni aide-soignante, musaidizi wa wagonjwa, ile kazi niliisomea mu cours du soir, mchana ninasafisha nyumba za watu, jioni niko mu darasa na mukate wangu mu mufuko. Bon. Juu ya plateau ya chakula waliandika sans sel, bila chumvi. Nikainua kifuniko, mvuke ukanipiga mu pua: viazi vya kuchemsha, karoti, kipande cha samaki cheupe, harufu ya chakula ambayo haina kitu ndani. Muzee akanitazama, akasema, "Madame, hii ni ya wafungwa." Nikacheka. Halafu nikarudisha kifuniko, juu ile harufu ninaijua. Nimeila. Nilikuwa mutoto, na tuliila nyumba nzima, juu ya herufi mbili tu.

Tulikuwa tunakaa hapa kwa Wazungu, karibu na Gare du Nord, stesheni ya treni, étage, ghorofa ya tatu, mahali asubuhi unasikia treni zinaingia kama muntu anavuta kabati. Papa alikuwa anasafisha bureaux, ofisi za watu, mu yale majengo ya vioo nyuma ya gare. Anatoka wakati wenye bureaux bado wanalala, anarudi mimi ninavaa cartable yangu ya shule. Kwetu Buyenzi, kule Bujumbura, alikuwa mushonaji. Watu walimuita Fundi Rajabu, na hata hapa alivaa kama fundi: suruali imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Cirage nyeusi, dawa ya viatu, njo ilikuwa harufu yake. Ukiisikia mu couloir, ile njia ya mulangoni, ujue Papa iko nyumbani, na ujue na kazi za shule zitaangaliwa.

Halafu simu ikatoka Buyenzi. Mama yake amekufa. Papiers zetu, karatasi za kukaa hapa, zilikuwa hazijatoka, hakuweza kusafiri, wakamuzika bila yeye. Sisi tulisoma dua mu salon ya nyumba, watu wakakuja, wakakula, wakavaa manteaux zao, zile koti za baridi, wakaenda. Papa hakulia. Ninakumbuka vile walimusifu. Tonton Saidi, rafiki yake wa tangu wanacheza mupira wa makaratasi, alimupiga mu bega: "Huyu njo mwanaume. Rajabu ni ciment." Kesho yake Papa akaenda ku kazi kama kila siku.

Ile ciment ilipasuka polepole, na mimi sikujua kama ninachoona ni kupasuka. Kwanza cirage iliisha mu couloir. Nyuma yake ndevu zikaota bila kupangwa. Nyuma yake akaanza kuongea kidogo, mupaka mudogo wangu Issa, ambaye alikuwa anajifunza kuongea, akawa anaongea kumushinda. Na siku moja asubuhi, ninashuka kwenda shule, nikamukuta amekaa ku ngazi za immeuble, jengo letu, na manteau, na sac ya kazi mu magoti.

"Papa, unafanya nini hapa?"

"Ninapumzika kidogo, Zaina. Pita."

Nikapita. Niliporudi kutoka shule alikuwa palepale. Sac bado iko mu magoti. Majirani walikuwa wamemuruka siku nzima.

Docteur wa quartier, wa mutaa wetu, akamutuma ku hospitali kubwa kule Woluwe. Ilikuwa mercredi, Jumatano, siku shule inaisha midi, saa sita, donc Maman akasema nimusindikize, yeye alikuwa na kazi. Tukapanda tram, tukapanda metro, Papa anatazama dirisha hata pale metro iko chini ya ardhi na dirisha haionyeshi kitu. Kule docteur alikuwa madame mwenye nywele fupi nyeupe, miwani imefungwa na kamba ku shingo. Akamuingiza Papa, mimi nikabaki mu couloir ku kiti. Mulango haukufunga vizuri. Sikusikiliza kwa nguvu, nilikuwa ninahesabu samaki mu tableau, ile picha ya ukuta, lakini neno moja lilitoka na likanifikia. Masikio yangu ya mutoto wa Buyenzi yalishika mwisho wake: pression.

Tukarudi. Maman alikuwa mu cuisine, bado na foulard ya kazi ku kichwa. Hata karibu hakusema.

"Docteur amesema nini?"

Papa akavua manteau. Akaitundika. Akairekebisha ku musumari kama vile ilikuwa kitu ya mushitiri.

"Pression," akasema.

"Pression, donc tension, presha ya damu?"

"Kitu kama hiyo."

"Ni kweli, Maman," mimi nikasema, "hata mimi nilisikia."

Maman akakaa. Weye unajua tension kwetu ni nini. Tension haina haya. Tension ni ugonjwa wa watu wakubwa, wa wafanyabiashara, wa mashehe, muntu anaitaja mbele ya wageni na wageni wanapunguza sauti kwa heshima. Lakini inaua. Baba wa Maman ilimuchukua akiwa anafunga kilemba kwenda ku ijumaa. Kwa hiyo Maman hakulia na hakuuliza mara ya pili. Alisimama, akatoa kile kikopo cha chumvi, akakimwaga mu poubelle ya takataka, akakisafisha kikopo na akakiweka uso chini.

"Mu hii nyumba," akasema, "chumvi imekwisha."

Rafiki yangu, Maman akiamua kitu, imeamuliwa. Cube zote za kutia mu mboga zilitoka. Zeituni zilitoka. Ndagala, zile samaki ndogo za kukausha tulikuwa tunanunua ku maduka ya Matonge, alikuwa anaziloweka, anamwaga maji, anaziloweka tena, mupaka zinakuwa kama vipande vya kitambaa, zina macho lakini hazina ladha. Ugali bila chumvi unauvumilia. Maharage bila chumvi unaomba Mungu. Lakini lengalenga bila chumvi, ile mboga ya majani, haki ya Mungu ni kula bustani. Nikilalamika Maman alikuwa na jibu moja: "Unataka chumvi ao unataka baba?" Nilikuwa ninameza.

Habari ikatembea. Maman Furaha, jirani wetu wa chini, Mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuita mutoto mu soko, akapanda na vitunguu saumu mufuko mzima. "Mupatie atafune asubuhi, hajakula kitu. Bapapa ya huku bote biko na tension, ni juu ya baridi." Wanaume wa ku mosquée walikuja na malimau. "Pole na tension, Fundi." Papa anaitika na kichwa. Ninakumbuka hata uso wake ulikuwa unatulia kidogo wakisema hivyo, kama muntu amepewa manteau ya muntu mwingine na anaona imemukaa. Wakitoka, anarudi mu chumba, anavuta rideau ya dirisha.

Na Tonton Saidi. Tonton Saidi alikuwa anapenda chakula ya Maman kupita ndugu zake, na hakukubali ile hali. Alikuwa anapita ku friterie, duka ya viazi vya kukaanga, anachukua zile sachets ndogo za chumvi, anazijaza mu mufuko wa ndani wa veste. Akikaa ku nattes, mikeka yetu, anatazama kama Maman haoni, anapasua moja, anamwagia sahani yake.

"Saidi, ninakuona," Maman anasema kutoka cuisine.

"Dada, mimi tension yangu iko chini, docteur alisema niiinue."

"Docteur gani?"

"Wa friterie."

Mimi ninacheka, Issa anacheka juu mimi ninacheka. Papa anatazama sahani.

Sasa sikiliza vile mutoto anafikiri. Maman alikuwa amenieleza: chumvi imemujaa Papa mu damu, ikitoka, atapona. Donc mimi nilikuwa ninangoja chumvi itoke. Sikujua itapita wapi. Nilikuwa ninamutazama kama vile unatazama chungu.

Ni mercredi ingine, nimerudi midi, Maman iko ku kazi na Issa iko chini kwa Maman Furaha. Nikasikia robinet, maji ya bomba, mu salle de bain, bafuni. Serrure, kitasa yetu, ilikuwa imekufa zamani, nikasukuma mulango. Papa amekaa ku ukingo wa baignoire, ile beseni kubwa ya kuogea, robinet imefunguliwa kabisa, maji yanaenda bure. Na uso wake ulikuwa umelowa. Nikafikiri anajiosha. Lakini mikono ilikuwa mikavu, iko mu magoti, na maji yalikuwa yanatoka ku macho, yanashuka mu ndevu, hakuna sauti hata kidogo. Baba zetu hawalii, si ndiyo? Hiyo nilikuwa ninaijua sawa na jina langu. Basi haikuwa kulia. Nikanyoosha kidole nikagusa ile maji ku shavu lake, nikatia kidole mu mudomo.

"Papa," nikasema, "inatoka."

"Nini inatoka?"

"Chumvi. Onja. Chumvi inakutoka, Papa. Tension inaisha."

Akanitazama. Alikuwa na wiki nyingi hajanitazama vile. Akafunga robinet. Akanivuta, akaweka kidevu chake ku kichwa changu, nikasikia kifua chake kinatikisika na sikujua kama anacheka. Leo nikimuuliza, yeye pia hajui.

"Ndiyo, mama," akasema. "Inatoka."

Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Jioni Maman aliporudi nilimungojea ku mulango, hata viatu hajavua. Alienda moja kwa moja ku zile ndagala zake, akatia mikono mu maji, na mimi nyuma yake ninaruka.

"Maman, dawa yako inafanya kazi. Chumvi inamutoka Papa."

"Inamutoka wapi?"

"Ku macho. Mingi sana. Nimeonja."

Mikono yake ikasimama mu maji. Akakaa hivyo, mupaka nikafikiri hajasikia, nikataka kurudilia. Akafuta mikono ku pagne yake ya kiuno, kidole kimoja kimoja. Akazima moto chini ya ugali, na Maman hakuwagi anazima moto chini ya ugali ambao haujaiva. Akaenda ku chumba. Mulango alisahau kuufunga, ao hakutaka, sijui. Mimi nilibaki mu couloir.

"Rajabu. Mutoto anasema chumvi inakutoka ku macho."

Nikasikia Papa anavuta blanketi.

"Docteur wa Woluwe alisema nini?"

"Nilikuambia. Pression."

"Yote, Rajabu."

"Pression."

"Mimi sikusoma sana, lakini muntu akikata kitambaa ninaona pale mukasi umepita. Yote."

Nikasikia kitanda kinalia, kama Papa amekaa vizuri.

"Mbele ya pression," akasema, "kulikuwa kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Dé."

"Dé?"

"Dépression."

Maman hakuijua ile neno. Alikuwa hajaanza bado masomo yake ya French. "Hiyo inafanya nini?" akauliza, na Papa akaanza kuongea, na aliongea kupita maneno yote ya ile miezi tukiyaweka pamoja. Akasema anaamka na mwili wake ni kama umejaa mchanga. Akasema anasikia watoto wake wanacheka na ni kama wako ku jengo ingine. Akasema ile siku ya ngazi hakuwa anapumzika, alikuwa hajui vile muntu anasimama. Akasema mama yake anamuonekea akiwa amebeba beseni, hamusemeshi.

"Na weye ukaona bora useme tension."

"Ulitaka niseme nini? Niambie Saidi niko na ugonjwa wa kichwa? Kwetu wenye ile ugonjwa tulikuwa tunawatupia maganda ya machungwa. Na hapa ni mbaya kushinda. Wataandika: mweusi, mukimbizi, na tena wazimu. Watachukua watoto, Mariamu. Nimesikia wanachukuaga. Baba akiwa na kasoro mu kichwa, wanakuja na voiture, gari yao, wanachukua."

Donc ni hiyo. Ile siku njo nilijua mu nyumba yetu hatukuwa tunaogopa kifo. Tulikuwa tunaogopa voiture.

Nikasikia Maman anafunga foulard yake. Halafu akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza bei ya nyanya: "Kesho siendi ku kazi. Tunaenda Woluwe, sisi wote. Kama wanachukua watoto, watawachukua mbele yangu, mimi niko wima. Na kama hawachukui, utatibiwa." Akafika ku mulango, akageuka. "Na mimi ninakula majani kama mbuzi juu ya dé."

Nakuapia nilisikia Papa anatoa pumzi mu pua, ile ya muntu amezuia kicheko.

Kule Woluwe Maman aliingia na sisi wote, na Issa mu mugongo. French ya Papa ilikuwa nzuri, lakini Maman alikataa yeye atafsiri. "Huyu anakataga maneno. Zaina, weye njo utasema, usiache kitu." Kwanza akataka wamupime tension mbele yake. Docteur madame alishangaa kidogo, lakini akachukua kile kitambaa, akafunga ku mukono wa Papa, akapiga pampu. Douze sur huit, kumi na mbili juu ya nane. Akasema hata yeye mwenyewe hana tension nzuri vile. Nikatafsiri. Maman akamutazama Papa jicho moja refu, na Papa akatazama viatu vyake.

"Sasa muulize," Maman akaniambia, "kama baba iko na hii ugonjwa, wanachukua watoto?"

Nilikuwa mutoto, rafiki yangu, na mutoto huyo anayechukuliwa alikuwa mimi. Niliyapanga maneno mu kichwa nikayasema. Docteur akavua miwani, ikabaki inaning'inia ku kamba. Hakumujibu Maman. Aliinama akanijibu mimi, polepole, kama muntu anajua nitabeba ile jibu mikono miwili.

"Hapana. Watoto wanakaa na baba yao. Baba anatibiwa ili akae vizuri na watoto wake."

Nikamutafsiria Maman. "Muambie arudilie," Maman akasema. Docteur akarudilia. Maman akamufungua Issa ku mugongo, akamuweka ku magoti ya Papa. "Umesikia na masikio yako mawili," akamuambia. "Sasa anza."

Usifikiri ilikuwa kama taa unawasha. Kulikuwa na vidonge, na vya kwanza vilimuletea usingizi hata mu sahani. Docteur akabadilisha. Kulikuwa na jeudi, Alhamisi, ya kwenda kuongea na docteur, na Papa alikuwa anapata kila sababu: mvua, koo, leo nimechoka. Maman alikuwa anavaa foulard, anasimama ku mulango na manteau ya Papa mu mukono. Wanaenda. Maman Furaha alijua kuna kitu, akapanda tena: "Ni bulozi, Maman Zaina. Ule baba bamemuloga, sisi tuko na mutumishi anafunguaka bantu." Maman akamupatia chai, akasema, "Dada, huyu amefungwa na huzuni. Ufunguo uko Woluwe, tunaenda na metro." Na dua haikukoma mu nyumba, usinisikie vibaya. Papa alisomewa Kurani, na Maman alikuwa anaamka kumuomba Mola wake mupaka mukeka ukaacha alama ku paji la uso wake. Aliniambia: Mungu nimemuomba anipe muntu wa kumuponyesha, akanipa huyu madame wa miwani, sasa nimurudishie Mungu, nimuambie huyu sitaki?

Lakini chumvi haikurudi. Hiyo njo sehemu inanishangazaga. Maman alinunua kikopo kipya, na Papa akamukataza. "Saidi akionja chumvi atajua hakuna tension. Ataniuliza ni nini." Basi tukaendelea. Tulijua sisi wote hakuna tension mu hii nyumba, na tukaendelea kula bustani, kumufichia Papa siri yake. Ramadhani ikaingia, wakati wa baridi, siku fupi, unafuturu hata goûter, vitafunio vya alasiri vya Wazungu, haijaisha vizuri. Uji bila chumvi, sambusa bila chumvi. Papa alikuwa ameanza kunyoa ndevu. Siku moja nikasikia harufu mu couloir, nikasimama, nikafunga macho: cirage.

Asubuhi ya Idi Maman alikuwa anapika pilau, na wanaume walikuwa watakuja kula nyuma ya swala. Papa alikuja ku mulango wa cuisine anafunga boutons, vifungo vya kanzu. Maman hakugeuka.

"Hii pilau haina chumvi," akasema. "Na kikopo kiko hapa, kimejaa. Mimi sitaitia. Utaiomba weye, na mudomo wako, wakati unataka. Kama hautaki, tutakula hivi mupaka Zaina anaolewa."

Papa akafunga bouton ya mwisho, akaenda ku swala.

Walikuja. Tonton Saidi, Baba Bakari ambaye alikuwa anauza pièces, vipuri vya magari, na wengine wawili watatu. Wakakaa ku nattes, sinia ikawekwa katikati. Mimi nilikuwa ninabeba maji ya kunawa. Pilau ilikuwa na harufu ya Idi, bizari, karafuu, nyama ya kukaanga, na mudomoni ilikuwa kama kutafuna picha yake. Tonton Saidi akatia mukono ndani ya veste. Akatazama cuisine. Akatoa sachet yake.

"Saidi," Papa akasema. "Nipe moja."

Tonton Saidi akacheka. "Weye na tension yako? Unataka bibi yako awe mujane siku ya Idi? Aniue mimi nyuma yako?"

"Sina tension."

"Imepona?"

"Haikukuwako." Papa aliweka mukono wake ku sinia, akauacha hapo. Niliona punje za wali zimeshika ku vidole. "Docteur alisema dépression. Mimi nikakata mbele, nikawapatia mwisho. Ni ugonjwa wa huzuni. Mama alikufa, sikulia, mukanisifu, nikaona nikae hivyo. Nimefika mahali nilikuwa siwezi kusimama ku ngazi ya nyumba yangu. Ninameza kidonge. Kila jeudi ninaenda Woluwe, ninakaa na docteur, ninaongea. Ni hiyo tu. Nipe chumvi."

Hakuna muntu alitafuna. Baba Bakari njo alianza, anafuta mudomo. "Fundi, hayo ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tumepita mu vita. Muntu amepita mu vita atashindwa na huzuni? Soma Kurani."

"Ninasoma. Ninaswali, ninameza, ninaongea. Sijaacha hata moja."

"Watakuita wazimu."

"Na weye utaniita?"

Baba Bakari akatazama wengine, hakupata muntu wa kumusaidia. "Mimi sijasema mimi," akasema.

"Basi wako wengine. Hao nitawangojea."

Tonton Saidi akapangusa vidole. Akatia mukono ndani ya veste, akatoa sachets zote, akazimwaga katikati, karibu na sinia, kama muntu anacheza karata na ametupa zote. Papa akapasua moja, akamwagia upande wake. Akala. Akafunga macho. "Mariamu," akaita cuisine, "lete kile kikopo."

Maman alikileta yeye mwenyewe. Hakutabasamu hata kidogo, lakini alikiweka chini na kishindo, wali ukaruka.

Wakati wanaondoka, Maman alinipatia sahani ya kumubebea Tonton Saidi mupaka ku voiture. Tulishuka ngazi yeye mbele. Chini, ku mulango, alisimama kutafuta funguo, mufuko huu, mufuko ule, na funguo zilikuwa mu mukono wake.

"Zaina."

"Tonton."

"Ile Woluwe. Ukiwa mu metro. Munashukaga arrêt gani, kituo gani?"

"Alma."

"Alma," akasema. Akachukua sahani. "Asante, mama. Usimuambie muntu."

Nyuma ya pale, jeudi ingine Maman alikuwa ku mulango na manteau yake mu mukono, Papa akamuambia, "Leo kaa. Ninaenda na Saidi."

Miaka imepita mingi. Mimi nimeolewa, niko na watoto, na bwana yangu naye, huyu mwanaume wa kucheka, alifika wakati akaanza kukaa mu voiture chini ya nyumba, moteur, injini, imezimwa, hapandi. Sikumungoja akate neno. Nilishuka, nikafungua mulango, nikakaa pembeni yake, nikamuita Papa kwa simu nikamuwekea ku sikio. Sijui waliongea nini. Walipanda metro pamoja.

Na Papa sasa, ukienda Flagey dimanche, Jumapili, wakati wa soko, utamuona ku banc, benchi, viatu vinang'aa, yeye na Tonton Saidi wanakula frites, vile viazi vya friterie. Za Saidi ziko na chumvi. Za Papa hapana, juu mu uzee tension imemupata kweli, ile yenyewe, seize sur dix, kumi na sita juu ya kumi. Saidi anapasua sachet mbele ya pua yake, polepole. "Fundi, safari hii docteur alisema neno lote?" Wanacheka mupaka njiwa zinaruka.

Nilipotaka kuandika hii nilienda kumuomba ruhusa. Nilifikiri atakataa. Alifikiri kidogo, akasema: "Andika. Lakini usiikate."

Sikuikata. Sasa na weye, rafiki yangu, usibaki nayo peke yako. Mupatie muntu. Mupatie hasa yule baba ambaye cirage imeisha mu couloir yake, yule anafungua robinet wakati hanawi, yule anakaa mu voiture. Kama hapendi kusoma, kaa naye umuhadithie. Ukifika pale ku neno, litaje lote, kuanzia mbele.